Salome wa Gazetini na Sweta za Kijani

Mniwie radhi kwanza kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kuandika vipimo vya wateja kuliko kuandika habari yoyote. Herufi zangu ni kubwa na zinapanda mlima, na sisi watu wa huku l na r hatujawahi kuzipatanisha. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini Asifiwe amesema nisipoandika mimi ataandika yeye, na akiandika yeye atajisifu, kwa hiyo ni afadhali niandike mimi, polepole hivi hivi.

Asifiwe alikuja mwezi uliopita. Sikuwa nimemwona tangu aolewe Manda, kule ziwani. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Njombe, namenya viazi, nikasikia mtu mlangoni anasema kwa sauti ya puani: "Halo, halo, posta? Naomba uniunganishe na Salome." Kisu kilinidondoka. Duniani wapo watu wawili tu wanaoweza kupiga hodi kwa maneno hayo, na mmoja wao ni sista, hatembei ovyo. Nilitoka na mikono yangu yenye maji nikamkuta amesimama na mfuko wa dagaa, amenenepa, ana mvi mbele, anacheka kabla sijamfikia. Binti yangu alitushangaa. Alisema hajawahi kuniona nikipiga kelele. Tulikaa karibu na jiko mpaka chai ikachemka na kukauka tukaweka nyingine, na binti yangu akauliza huyo Salome ni nani, ni ndugu yetu wa upande gani. Asifiwe akamwambia, "Salome ni mtu wa kwenye gazeti. Lakini alimpa mama yako kazi." Hiyo ni kweli, na ndiyo ninayotaka kueleza.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shule, nikapelekwa Makambako kwa Mama Faraja, aliyekuwa anafuma sweta za wanafunzi. Nilipokelewa kwa majaribio. Mama Faraja alishika vidole vyangu, akavigeuza kama mtu anayechagua karoti, akasema, "Nitamtazama. Akiwa mzito, nitamrudisha Matembwe." Nilikuwa mzito. Nilikuwa mzito wa kufuma na mzito wa kusema. Nikisalimiwa, jibu langu lilifika wakati aliyesalimia ameshapita. Tulikaa wasichana watatu katika chumba cha nyuma: Asifiwe, ambaye sindano zake hazikuonekana kwa kasi; Imakulata, yule sista wa leo, aliyetoka kwenye familia ya misheni, na rozari yake aliining'iniza kwenye msumari mmoja na mkasi; na mimi. Sindano zenyewe zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Chumba kilinuka nyuzi mpya na mafuta ya taa, na dirisha letu lilitazama barabara kubwa, tukawa tunajua saa kwa mabasi. Mchana tulikula kande kwenye sinia moja, na Asifiwe alikuwa akiokota maharage yote akatuachia mahindi, halafu anasema, "Jamani, huku kwenu mbona kuna mahindi mengi hivi?"

Kila Alhamisi basi kutoka Dar lilileta magazeti, na miongoni mwake kulikuwa na kigazeti cha wasichana ambacho ukurasa wa juu ulichapwa kwa rangi ya waridi. Jina lake lilikuwa jingine, lakini sisi na wasichana wote wa pale stendi tulikiita Waridi. Kilikuwa na mitindo ya nywele, na ukurasa wa marafiki wa kalamu, na mapishi ya keki ambayo hakuna aliyekuwa na tanuri ya kuyajaribu. Lakini katikati, kurasa mbili zinazotazamana, palikuwa na hadithi ya picha iliyoitwa Sauti Kwenye Waya. Salome alikuwa opereta wa simu katika posta ya mji mmoja mdogo. Miaka ile ukitaka kupiga simu ulimwomba opereta, naye ndiye aliyechomeka waya akakuunganisha. Salome akichomeka alisikia. Alisikia mfanyabiashara mmoja mwenye miwani myeusi akipanga kumdhulumu msichana yatima nyumba ya baba yake, na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu opereta aliapa kutosema asikiacho. Kila wiki alijua zaidi, na kila wiki alikaribia kusema, na chini kabisa kwenye kona paliandikwa "Itaendelea". Leo binti yangu anatazama tamthilia sehemu ishirini kwa siku moja akiwa amelala. Simlaumu. Lakini hajui ilivyokuwa kuishi siku saba na mtu aliyeachwa mkono wake uko hewani, mdomo wazi, na wewe unafua, unachota maji, unakwenda kanisani, na mkono wa yule mtu bado uko hewani.

Kwanza alisoma Asifiwe, lakini alisoma kama anavyofuma, maneno yakawa yanamezwa. Imakulata naye akifika pabaya alinyamaza, akafanya ishara ya msalaba, akaruka mstari. "Sisi Walutheri tunasoma yote," Asifiwe alimwambia. "Ndiyo maana mna huzuni," Imakulata akamjibu. Basi siku moja wakanipa mimi. Nilisoma kwa kidole. Nilisoma neno, nikalitazama, nikahamia la pili. Na kwa kuwa wao macho yao yalikuwa kwenye sindano, nilieleza na picha: hapa amechorwa ameshika simu kwa mikono miwili, hapa jasho limechorwa kama matone ya mvua, huyu mwanaume kivuli chake ni kikubwa kuliko yeye. Sijui ni nini kilitokea. Sauti yangu, ambayo haikutosha kuomba chumvi, ilitosha kusoma. Nadhani ni kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Hakuna ambaye angeniuliza kwa nini nimeyasema. Na uzito wangu ukawa faida, maana kurasa mbili zilidumu muda wa mkono mzima wa sweta. Toka siku hiyo ikawa desturi: Alhamisi mimi nasoma, wao wananifumia mistari yangu.

Lakini msomaji naye alikuwa na kazi ya mikono, na hapa nieleze vizuri kwa sababu ndipo kosa lilipozaliwa. Kwa Mama Faraja mistari ilihesabiwa kwa maharage. Mkono wa sweta ya darasa la tatu ulikuwa mistari themanini, basi uliweka punje themanini kwenye bakuli, na kila mstari ukiisha unahamisha punje moja kwenye kifuniko cha kopo. Bakuli likiwa tupu, mkono umetosha. Mfumaji mwenye haraka kama Asifiwe alichukia kusimama ili ahamishe, kwa hiyo msomaji alimhamishia: Asifiwe akimaliza mstari alisema "hm", nami nikasogeza punje bila kuacha kusoma. Hm, punje. Hm, punje. Halafu mkono wa kwanza ulioisha uliangikwa kwenye msumari kama mfano, na mikono mingine yote ilipimwa kwa huo, bila maharage tena.

Mwezi wa sita ulipoingia, Mama Faraja alipata oda ya sweta kumi na mbili za kijani za shule moja, ziwe tayari shule zikifunguliwa. Tulipofika kwenye mikono akaitwa Ilembula kumuuguza dada yake, akatuacha na maneno: "Nikirudi nikute mikono yote." Alhamisi hiyo Waridi ikaja. Salome alikuwa zamu peke yake. Taa ikawaka kwenye ubao wake, akachomeka waya, na sauti ya mwanamke ikasema, "Naomba namba ya yule bwana." Picha ya pili, uso wa Salome umechorwa karibu mpaka unaona kope. Picha ya tatu, hakuna kitu ila maneno: "Sauti hii naijua. Hii ni sauti ya mama yangu, ambaye niliambiwa amefariki nikiwa na miaka minne." Nilisoma hapo nikakwama. Asifiwe alikuwa analia na anafuma, machozi yanadondokea kwenye nyuzi. "Rudia," akasema. Nikarudia. Imakulata akasema, "Rudia pale pa kope." Nikarudia. Nilirudia mara nyingi, na katika kurudia huko nilisikia hm, na hm, na hm, na mkono wangu ulikuwa umelala juu ya ukurasa kana kwamba ungezuia Salome asichomoe waya. Nilipokumbuka bakuli, niliendelea pale nilipokuwa nimeachia. Bakuli lilipokwisha, Asifiwe akafunga mkono, akauangika kwenye msumari.

Imakulata aliutazama. "Mkono huu mbona mrefu?"

"Maharage hayadanganyi," Asifiwe akasema.

Mimi nilijua. Sikujua ni mistari mingapi, lakini nilijua. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikachukua sindano zangu nikaanza kufuma mkono mrefu.

Mwalimu aliyetumwa na shule alikuja mwenyewe kuzichukua, siku moja baada ya Mama Faraja kurudi, usiku tumekesha kwa taa tukiishonea mikono. Alimvalisha mtoto wa jirani sweta ya kwanza. Vidole vya mtoto vikapotea. Mtoto akapunga mikono, zile ncha zikapigapiga kama masikio ya mbuzi, akafurahi sana. Mwalimu akamvalisha ya pili, ikawa vilevile. "Mama," akasema, "mimi nina wanafunzi, sina mapadri." Akaondoka bila hata moja.

Mama Faraja hakupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda, akaweka zile sweta mapajani, akauliza nani alifuma mkono wa mfano.

"Ni mimi, Mama," Asifiwe akasema.

"Ulihesabu?"

"Yalihesabiwa yote. Bakuli lilikuwa tupu."

"Basi ulihesabu kwa macho yaliyofumbwa. Kuzifumua na kuzirudia ni wiki mbili, na nina oda nyingine inangoja. Asifiwe, wewe ni mkubwa hapa. Kesho asubuhi funga mizigo."

Asifiwe hakunitazama. Hilo ndilo nililolikumbuka miaka yote, na mwezi uliopita nilimuuliza kwa nini hakunitazama. Alisema hakuwa ameniwazia kabisa. Aliamini mkono wangu kuliko macho yake. Wakati ule sikujua hivyo. Nilichojua ni kwamba nikinyamaza nitabaki Makambako, kwenye chumba kile, na Alhamisi, na sinia la kande, ila pale mbele yangu, pa Asifiwe, patakuwa wazi.

"Mama," nikasema, "maharage nilikuwa nayo mimi."

"Nini?"

"Nilikuwa ninasoma. Nikasahau kuyasogeza."

"Sema tusikie! Gazeti unaweza kulisoma mpaka jirani anajua habari za Salome, kosa lako unalinong'ona?"

Nikasema tena, kwa sauti. Nikaeleza habari ya sauti ya mama, na kurudia, na bakuli. Imakulata alishika rozari yake. Mama Faraja akaanza kukunja zile sweta moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. "Asifiwe abaki. Wewe Jumamosi utakwenda sokoni Njombe na mzigo huu. Ukiumaliza, utarudi hapa. Usipoumaliza, acha sweta kwa dada yangu mwingine pale stendi, wewe panda gari la Matembwe. Kutoka Njombe ni karibu na kwenu kuliko na kwangu."

Nani angemtuma msichana kama mimi sokoni? Ni kama kumtuma kuku akauze mayai ya bata. Jumamosi ile ilikuwa na umande mweupe juu ya majani na ukungu uliokaa mpaka saa nne. Nilitandika kitambaa karibu na mama mmoja wa viazi, mwanamke mpana aliyejifunga vitenge vitatu. Nikamwamkia, "Kamwene." Akaitika vizuri, akasogeza gunia lake anipe nafasi. Kulia na kushoto watu walikuwa wanaita wateja. Mimi nilipojaribu, ilitoka hewa tu. Wateja waligusa sweta, wakainua mkono mmoja, wakacheka, wakapita. Baridi ilinikata vidole. Mwishowe nilivaa moja, ile kubwa kuliko zote, nikaingiza vidole vyangu ndani ya ile mikono ya makosa, vikaanza kupata joto, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatoa Waridi niliyoificha kifuani. Wasichana walikuwa wamenipa niende nayo. Imakulata alisema itanilinda barabarani, Asifiwe akasema afadhali gazeti kuliko picha ya mtakatifu, wakaanza ugomvi wao, nikaondoka wakiwa bado hawajamaliza.

"Unasoma nini unatingisha kichwa?" mama wa viazi akauliza.

"Hadithi."

"Ya dini?"

"Hapana, mama. Ya simu."

"Basi tusomee. Mimi miwani nimeiacha nyumbani."

Yule wa kabichi upande wa pili akasema, "Miwani gani? Tangu lini?"

"Nyamaza wewe, mtoto asome."

Nikasoma. Nilianza kwa kidole, chini chini, na wa kabichi akasema hasikii, nikapandisha. Nilieleza na yaliyotangulia, yatima, nyumba, miwani myeusi. Nilieleza picha. Mwanamke wa mkaa akasogea na gunia lake. Mwingine akasimama na mtoto mgongoni, akasema yeye anapita tu, akakaa. Nilipofika kwenye sauti ya mama, wa mkaa akapiga mapaja. "Alikuwa wapi miaka yote hiyo? Asitudanganye huyo!"

"Labda alifungiwa," akasema wa kabichi.

"Nani wa kumfungia mtu mzima? Ana lake na huyo mwenye miwani. Endelea, binti."

"Imeishia hapo, mama. Imeandikwa itaendelea."

Kukawa na kelele kama ng'ombe wameingia shambani. Itaendelea wapi? Lini? Huyo aliyeandika anakaa wapi aitwe? Mama wa viazi alichukua gazeti, akaligeuza nyuma kutafuta kama mwisho umefichwa huko, akanirudishia. Ndipo yule mwenye mtoto mgongoni akagusa sweta yangu, akasema nzuri, ila mikono imezidi. Mama wa viazi akamgeukia na hasira ambayo kwa haki ilikuwa ya Salome. "Imezidi wapi? Mtoto wako anaamka alfajiri na baridi hii ya Njombe, daftari atalishika kwa vidole gani? Muulize huyu! Amesoma hadithi nzima asubuhi hii, vidole havijamfa ganzi. Hiyo ni sweta na glovu, kitu kimoja." Yule mwanamke akafikiri, akanunua mbili. Wa mkaa akanunua. Watu waliokuja kuuliza kuna msiba gani hapa walielezwa habari za Salome kwa makosa mengi, nami nikawasahihisha, na wakati ninawasahihisha nilikuwa ninauza.

Hata hivyo jua lilipoanza kushuka nilibaki na sweta tano. Pale stendi gari la Matembwe lilikuwa limewasha injini, na basi la Makambako linapakia. Agizo nilikuwa nalo wazi: umalize au uende kwenu. Nilisimama na fungu langu katikati. Ninakumbuka nilikuwa na njaa, na kwamba nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa bado namsikia wa mkaa akisema asitudanganye huyo. Nikapanda la Makambako.

Nilimkuta Mama Faraja anapepeta mahindi uani. Aliona fungu. "Nilikuambia nini?"

"Zimebaki tano, Mama. Lakini siwezi kwenda Matembwe. Wananingoja Jumamosi."

"Wanangoja sweta?"

"Wanangoja kujua kama yule ni mama yake kweli."

Ungo ulisimama. Kutoka mlango wa chumba cha nyuma nikasikia Asifiwe anakohoa, kile kikohozi cha mtu anayeziba kicheko. Mama Faraja aliangalia mlango, akaniangalia mimi niliyesimama bila kuinamisha kichwa, labda mara ya kwanza tangu anipokee. "Na hao wanaongoja," akasema, "wana watoto?"

"Wengi, Mama. Na mama wa viazi amesema kuna baridi mpaka mwezi wa nane."

Alirudi kupepeta. Makapi yakapaa, mahindi yakabaki. Kisha akapaza sauti bila kugeuka: "Nyie mnaosikiliza huko ndani! Ule mkono wa mfano usiufumue mtu!"

Mwaka ule wote nilikwenda Njombe kila Jumamosi. Niliuza mikono mirefu ya kijani, ya bluu na ya rangi ya damu ya mzee, na nikasoma. Sokoni walikuja kuniita Opereta, na mpaka leo wapo wazee wachache wanaoniita hivyo, nami ninaitika. Salome hatukumwona mwisho wake. Waridi ilichelewa wiki moja, halafu mbili, halafu haikuja tena, na mpaka hapo hakuwa amesema alichosikia. Tulikasirika kama waliofiwa. Wa mkaa alijitungia mwisho wake, mama wa viazi akatunga wa kwake, walinuniana siku mbili. Mwezi uliopita mimi na Asifiwe tulibishana tena jambo hilo hilo mpaka dagaa wakaungua, naye akaondoka kurudi Manda akiwa anaamini yule mama alikuwa mwema, na amekosea.

Basi wewe unayesoma, kama uliwahi kuwa msichana wa Alhamisi, wa Songea, wa Tukuyu, wa popote basi lilipofika na magazeti, niandikie. Ukiwa unajua Salome aliishiaje, usinieleze. Nieleze ulikuwa umekaa wapi, mikono yako ilikuwa inafanya kazi gani, na nani alikuwa anakusomea. Barua yako nitaisoma kwa sauti hapa jikoni, kwa kidole, na nitakujibu; unipe muda tu.